Jengo la Wote, Matengenezo ya Nani?

Usiku wa manane wa kuamkia Alhamisi, Juni 24, 2021, jengo la ghorofa 12 lililoitwa Champlain Towers South, katika mji mdogo wa Surfside, jimbo la Florida nchini Marekani, liliporomoka watu wakiwa wamelala. Walikufa watu 98. Hapakuwa na tetemeko la ardhi usiku ule, hapakuwa na kimbunga, wala mtungi wa gesi haukulipuka. Lilikuwa jengo la ufukweni lenye umri wa miaka 40, lenye mlinzi mlangoni, bwawa la kuogelea na wamiliki waliokuwa wakifanya vikao na kulipa ada zao.

Nakisimulia kisa hiki kwa sababu kila hatua iliyowafikisha pale ni hatua ambayo mimi na wewe tunaweza kuipiga bila kujua tunakokwenda. Dar es Salaam, Nairobi, Mombasa na hata Zanzibar, watu wengi sasa wanamiliki fleti badala ya nyumba na kiwanja chake. Tanzania ilitunga sheria ya umiliki wa sehemu za majengo mwaka 2008, na Kenya ikaja na sheria yake mpya mwaka 2020. Mtu anapata hati ya fleti yake ghorofa ya tatu, anapewa funguo, anabadilisha vitasa, anaweka vigae anavyovipenda, kisha anaingizwa kwenye kikundi cha WhatsApp cha wamiliki. Humo ndimo anamokutana na mambo ambayo hati haikumweleza: pampu ya maji imeungua, lifti imekwama, paa linavuja, nani atoe shilingi ngapi, na kwa nini yule wa namba nane hajalipa tangu mwaka jana.

Champlain ilikuwa hivyo hivyo, kwa ukubwa wake. Ilikuwa na fleti 136, kila moja na mwenyewe. Lakini nguzo, paa, kuta za nje, maegesho ya magari yaliyokuwa chini, na uwanja wa bwawa la kuogelea uliokaa juu ya maegesho hayo, vilikuwa mali ya wote. Wamiliki walichagua bodi ya wenzao saba, watu wa kujitolea, iwaangalizie mali hiyo. Aliyewahi kuwa mjumbe wa kamati ya namna hii anaujua uzito wake. Ukichangisha unalaumiwa, usipochangisha unalaumiwa, na kitu kikiharibika unaulizwa ulikuwa wapi.

Ubovu mkubwa ulikuwa kwenye uwanja ule wa bwawa. Sakafu yake ya zege ilijengwa bapa, bila mteremko wa kupeleka maji kwenye mifereji. Mvua ikinyesha, maji yalituama pale mpaka yakaukie mahali pale pale. Juu ya zege palikuwa na tabaka la kuzuia maji, na tabaka la aina hiyo lina umri wake: likichakaa, hung'olewa likawekwa jipya. La pale lilichakaa na halikubadilishwa kwa wakati. Maji yakaanza kupenya.

Inafaa tuelewane maji hufanya nini ndani ya zege, maana wengi wetu tunalichukulia zege kuwa ni jiwe lisiloogopa kitu. Zege peke yake ni imara likikandamizwa, lakini ni dhaifu likivutwa au kupindwa. Kinachoifanya dari ya zege ibaki juu ya vichwa vyetu ni nondo zilizolazwa ndani yake. Zege zima huilinda nondo isishike kutu. Maji yakipenya mfululizo, hasa yakiwa na chumvi, ulinzi ule unavunjika na kutu inaanza. Na kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa, kwa hiyo nondo inavimba na kulisukuma zege kutoka ndani, kama mzizi wa mwembe unavyoinua sakafu ya kibaraza. Ukiona ufa uliofuata mstari ulionyooka chini ya dari, doa la kahawia linalochuruzika, au bonge la zege limebanduka na nondo iko wazi, ujue kazi hiyo haikuanza juzi. Gonga hapo kwa nyundo ndogo. Zege zima hujibu kwa mlio mkali na safi. Lililoachana na nondo zake hulia kama pana uwazi ndani.

Sasa tuzitazame dalili, maana hapo ndipo penye funzo.

Ya kwanza ilikuwa maji kwenye maegesho, na hayakuwa maji ya siku moja. Mtu aliyekuwa msimamizi wa matengenezo pale katika miaka ya 1990 alieleza baada ya ajali kwamba hata enzi zake maji yalikuwa yakijaa chini, pampu zikizidiwa, na kwamba aliwaambia wakubwa wake. Fikiria ni miaka mingapi imepita hapo. Watoto wamezaliwa, wamesoma, wameoa, na maji bado yako pale pale. Jambo likidumu muda wote huo, jicho huacha kuliona. Anayehamia mwaka huu anashangaa dimbwi lile. Mwakani analikwepa kwa gari lake bila hata kulifikiria, na mgeni akiuliza anaambiwa kwamba hapa ndivyo palivyo.

Mwaka 2015 mmiliki mmoja alikwenda mahakamani akidai kwamba uongozi umeshindwa kulitunza jengo, maji yanaingia kwake kupitia nyufa za ukuta wa nje. Hata hiyo haikuwa mara yake ya kwanza kushtaki. Naomba tusimame kidogo kwa mtu wa namna hii, kwa sababu kila jengo linaye. Ni yule anayeandika kila wiki kwenye kikundi, anayetuma picha za ukuta wake uliolowa, ambaye wenzake wamechoka naye na wengine wamemnyamazisha simuni. Pengine ana maneno makali. Pengine anatafuta fidia. Lakini maji yanayoingia kwake yamepita mahali fulani kabla ya kumfikia, na mahali hapo ni pa wote.

Kisha ikaja ripoti. Katika wilaya ya Miami-Dade, jengo kubwa likifika miaka 40 lilitakiwa kukaguliwa upya na mhandisi kabla ya kuruhusiwa kuendelea kutumika. Sheria hiyo yenyewe ilizaliwa na msiba: Agosti 1974 jengo la ofisi katikati ya Miami liliporomoka na kuua watu 7. Champlain ilikuwa itimize miaka 40 mwaka 2021, kwa hiyo bodi ilimwita mhandisi mapema, na Oktoba 2018 akakabidhi maandishi yake. Aliandika kwamba tabaka la kuzuia maji kwenye uwanja wa bwawa na njia ya kuingilia magari limekwisha umri wake, kwamba zege lililo chini yake limepata madhara makubwa, kwamba kosa la msingi ni ile sakafu bapa isiyo na mteremko, na kwamba tabaka hilo lisipobadilishwa karibuni uharibifu utaongezeka kwa kasi ya kujizidisha. Alikuta nyufa na mabonge yaliyobanduka kwenye nguzo, boriti na kuta za maegesho. Makadirio ya kazi yote yalizidi dola milioni 9.

Ripoti hiyo pia ilieleza kwamba baadhi ya nyufa za maegesho zilikuwa zimewahi kuzibwa kwa gundi maalumu inayodungwa ndani ya zege, na kwamba ukarabati ule ulikuwa umeshindwa, maji yakiendelea kuvuja. Sisi tumelelewa na methali ya usipoziba ufa utajenga ukuta, na tunaiamini. Kule ufa ulizibwa. Kilichoachwa ni maji yaliyokuwa juu yake.

Lakini ripoti haikusema kwamba jengo linakaribia kuanguka. Nalisema hili kwa makusudi, maana ni rahisi leo kuwahukumu wale watu kana kwamba waliambiwa wazi wakakataa. Waliambiwa kwa lugha ya kihandisi, maneno mazito yakiwa yamechanganyika na maelezo ya roshani, milango ya vioo na vigae. Mtu wa kawaida akisoma karatasi kama hiyo, macho yake hukimbilia kwenye jumla ya fedha iliyo mwishoni, akashtuka, akaifunga.

Mwezi uliofuata, Novemba 2018, wamiliki walikutana na afisa majengo wa mji. Kumbukumbu za kikao zinaonyesha aliwaambia kwamba jengo lao liko katika hali nzuri sana. Ripoti alikuwa ameshatumiwa kwa barua pepe na mjumbe mmoja wa bodi.

Hapa ndipo ninapoogopa kwa niaba yetu sote. Tukipewa habari mbili, moja ya kututoa jasho na nyingine ya kutupumzisha, tunaikumbatia ile ya pili na kumwona aliyeileta kuwa ndiye mjuzi. Fundi akikuambia bomba lote lazima ling'olewe, unamwita mwingine. Wa pili akisema hapa tunaunga tu, huyo ndiye unayempa kazi. Kabla ya kupokea neno la faraja kutoka kwa mtu yeyote, hata akiwa na cheo, muulize ameingia wapi, amegonga nini, na kama yuko tayari kuliandika hilo analolisema na kulitia saini.

Mwaka 2019 ulipita katika mabishano. Wajumbe watano kati ya saba wa bodi walijiuzulu katika muda mfupi, na mwenyekiti wao aliandika kwa uchungu kwamba wanafanya kazi miezi mingi kuelekea upande mmoja, halafu dakika ya mwisho watu wanaleta pingamizi ambazo zingemalizwa mwanzoni. Nani kati yetu hajakaa kikao cha aina hiyo? Mmoja anataka zabuni tatu zaidi. Mwingine anasema paa litangulie. Wa tatu hataki mkopo. Wa nne anakaa mbali, fleti amepangisha, na anachotaka kujua ni lini kodi yake itaingia. Kila hoja ina mantiki yake, na kikao kinafungwa kwa kukubaliana kukutana tena.

Fedha ndizo zilizokuwa mzizi wa mabishano. Sheria ya Florida wakati ule iliwaruhusu wamiliki kupiga kura wasiweke akiba kamili ya matengenezo makubwa, ili ada ya mwezi ibaki ndogo. Kwa Champlain, akiba iliyokuwepo haikufika dola milioni moja. Ukigawa milioni 9 kwa fleti 136, wastani ni zaidi ya dola 66,000 kwa kila mlango. Si mzaha, hasa kwa mstaafu anayeishi kwa pensheni. Kama ningekuwa na fleti mle, nikiwa na ada za shule za watoto na mzazi mgonjwa, sina hakika kabisa kwamba mkono wangu ungeinuka kwa ajili ya kulipa mwaka ule. Ningeweza kusema tuvute pumzi mwaka mmoja, na ningelala usingizi mzuri tu.

Mwaka 2020, wakati wa kuchunguza zaidi, mafundi walifungua sehemu ya zege katika chumba cha mitambo ya bwawa. Hawakuweza kufanya ukarabati kamili pale, kwa sababu kuchimba zaidi kungeweza kugusa uthabiti wa sehemu za jirani, na pia kwa sababu bwawa lilitakiwa liendelee kutumika. Nimeisoma habari hiyo nikabaki nikiitazama. Pale zege lilipokuwa bovu kiasi cha kuogopwa kuguswa, bwawa juu yake lilibaki na maji ili watu waendelee kuogelea.

Aprili 9, 2021, mwenyekiti mpya wa bodi aliwaandikia wamiliki barua ndefu. Aliwaeleza kwamba uharibifu unaoonekana kwenye maegesho umekuwa mbaya zaidi tangu 2018 na kwamba kuoza kwa zege kunaongezeka kasi. Gharama sasa ilikuwa kama dola milioni 15. Si ongezeko lote lililotokana na kuchelewa, maana kazi nyingine ziliongezwa, lakini wastani kwa kila fleti ulikuwa umeshavuka dola 110,000. Wenye fleti ndogo walipangiwa kama dola 80,000, na mwenye ile ya juu kabisa dola 336,000. Safari hii walikubali. Tarehe ya kuanza kulipa ilikuwa Julai 1. Jengo lilianguka siku 7 kabla.

Saa kama 36 kabla ya ajali, mkandarasi wa mabwawa alikwenda kuangalia kazi aliyotaka kuiombea bei. Alishuka kwenye maegesho akakuta maji yametanda sakafuni. Akaingia kwenye chumba cha mitambo ya bwawa, akapiga picha za zege lililopasuka na nondo zilizoliwa na kutu, akamweleza mfanyakazi wa jengo alichokiona. Picha hizo baadaye zilichapishwa duniani kote. Zinaonyesha chumba kidogo chenye mabomba, sakafu iliyolowa, na pembeni vyuma vya kahawia vimejitokeza nje ya zege lililopaswa kuvificha. Ukiwa na jengo lenye tangi la chini au chumba cha pampu, nenda kesho ukatazame kwa tochi. Ni chumba ambacho wamiliki karibu wote hawajawahi kukiingia.

Usiku wenyewe, mkazi mmoja wa ghorofa ya chini alisikia vishindo akadhani ni mafundi wanafanya kazi saa zisizofaa, akaenda kulalamika kwa mlinzi. Akiwa hapo, uwanja wa bwawa ukatitia na kuangukia kwenye maegesho. Akakimbia kuwachukua wanawe wakatoka nje, wakapona. Mgeni wa hoteli ya jirani alipiga video ya mlango wa maegesho: maji yanamwagika kutoka juu, vifusi vimelala sakafuni. Dakika chache baadaye, kama saa saba na dakika 22, sehemu ya kati ya jengo ikashuka, na ya upande wa bahari ikafuata. Kati ya uwanja kutitia na jengo kuanguka zilipita dakika kadhaa, na watu wengi hawakupata onyo lolote la kuwatoa vitandani.

Haki inanitaka niseme na upande mwingine. Wachunguzi wa serikali kutoka taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, walikuta kwamba ule uwanja ulisanifiwa dhaifu tangu mwanzo, chini ya matakwa ya kanuni za wakati wake, na kwamba baadaye uliongezewa uzito: vigae juu ya mchanga, na vitalu vizito vya maua. Kwa hiyo maji hayakuwa mkosaji pekee, na wamiliki wa 2018 walirithi kosa la watu wa 1981. Lakini kurithi kosa ndiyo hali ya kila anayenunua jengo. Hukuwepo nondo zikifungwa. Hujui kama fundi alipunguza saruji. Kinachoweza kukufichulia ni ukaguzi na ukarabati uliofanywa mapema, wakati sakafu inafunguliwa na mhandisi anaona kwa macho kilichofukiwa.

Nasi huku tuna yetu. Pwani yetu yote, kuanzia Mtwara hadi Lamu, inapigwa na upepo wa chumvi. Kuna majengo yaliyochanganywa zege kwa maji ya kisima yenye chumvi, na mengine kwa mchanga wa baharini ambao haukuoshwa. Yale yalizaliwa na chumvi ndani. Kila baada ya masika fundi anaitwa, anabandua plasta iliyovimba, anapiga mpya, anapaka rangi, analipwa, na mwakani anarudi pale pale. Plasta ile ile ikivimba mara ya pili mahali pale pale, tafadhali usimwite tena mpaka rangi. Tafuta maji yanatoka wapi: bafu la juu, bomba lililo ukutani, paa bapa lisilo na mteremko, mfereji ulioziba majani.

Na uzito nao tunauongeza kila mwaka. Maji ya mtaa hayaaminiki, kwa hiyo kila mmiliki anapandisha tangi lake juu. Tangi la lita 5,000 likijaa lina tani 5, bado kibanda cha chuma kinacholibeba. Wakiweka wanne, ni tani 20 juu ya paa ambalo pengine lilihesabiwa kubeba mvua na mtu anayeanika nguo. Mwingine anavunja ukuta wa sebule apate nafasi, bila kuuliza kama ukuta ule unabeba kitu. Mwingine wa chini anafungua fremu za maduka. Hakuna anayemwambia jirani, kwa kuwa kila mmoja anaamini anafanya kwake.

Misiba yetu tunaijua. Huruma, Nairobi, Aprili 29, 2016, jengo la wapangaji liliporomoka usiku wa mvua na kuua watu takribani 50. Lilikuwa limeshaorodheshwa kubomolewa. Zanzibar, Desemba 25, 2020, sehemu kubwa ya Beit-el-Ajaib, jumba la mwaka 1883, ilianguka likiwa katikati ya ukarabati na kuua watu wawili, na vipande vyake vilikuwa vimeanza kudondoka miaka kadhaa kabla. Kariakoo, Novemba 16, 2024, ghorofa liliporomoka watu wakiwa madukani, na zaidi ya 25 walipoteza maisha. Sababu zake hazifanani, na sitaki kuzifanya zifanane. Kinachofanana ni kwamba watu waliendelea na shughuli zao ndani, wakiamini kwamba kama kungekuwa na hatari, kuna mtu angewaambia.

Baada ya Surfside, mahakama ya Florida iliidhinisha fidia iliyozidi dola bilioni moja kwa familia na waliojeruhiwa, kutoka kwa kampuni na taasisi mbalimbali zilizohusishwa. Kiwanja kiliuzwa kwa dola milioni 120. Mwaka 2022 jimbo likabadilisha sheria: majengo ya fleti ya ghorofa tatu na zaidi yakaguliwe mapema kuliko miaka 40, kisha kila miaka 10, na wamiliki wasiruhusiwe tena kupiga kura ya kukwepa akiba ya matengenezo ya msingi. Ada zikapanda ghafla, na wazee waliokuwa wameishi miaka mingi katika fleti zao wakalazimika kuuza kwa sababu hawamudu. Hilo nalo ni chungu, na linatoka kwenye chanzo kile kile. Akiba iliyopaswa kuwekwa kidogo kidogo kwa miaka 30 inadaiwa yote kwa miaka mitatu.

Kwa hiyo ndugu msomaji, ukiwa mmiliki wa fleti, shinikiza mfuko wa matengenezo makubwa uwe na akaunti yake peke yake, tofauti na ile ya mlinzi na usafi, na uanze hata kwa kiasi ambacho hakuna atakayekigombania. Ukiwa unataka kununua, usiishie kuangalia jiko na mandhari. Omba kumbukumbu za vikao vya miaka mitatu iliyopita na taarifa ya mfuko. Shuka kwenye maegesho au chumba cha pampu siku ya mvua. Muulize mlinzi aliyekaa pale muda mrefu ni wapi maji hutuama. Na mkimwita mhandisi, msiridhike na ripoti ya kuweka kwenye faili: mwombeni aje kikaoni, aeleze kwa Kiswahili cha kawaida ni kipi kinaweza kusubiri mwaka ujao na ni kipi hakiwezi, na jibu lake liandikwe.

Siku 8 baada ya ajali ya Surfside, katika mji wa North Miami Beach, ulio jirani tu, jengo la Crestview Towers lilipeleka serikali ya mji ripoti ya mhandisi ya tangu Januari, iliyosema jengo si salama. Lilikuwa na fleti 156. Maafisa wa mji waliisoma siku hiyo hiyo na kuamuru watu wote watoke. Walitoka jioni ile na masanduku, wengine wakilia, wengine wakiwa na hasira kwa bodi yao, na kwa muda mrefu hawakuruhusiwa kurudi. Walipata hasara kubwa sana, na wote walitoka wazima.